Rangi ya udongo inakusumbua? Anza na ukuta, praima baadaye

Jumapili asubuhi simu ikalia, ni mama mmoja wa Rongai nilikuwa nimempigia rangi sebuleni wiki mbili nyuma. "Fundi, hii rangi yako imehamia kwa sweta ya mtoto." Nikacheka. Nilivyofika nikaacha kucheka, ukipitisha kiganja kwa ukuta kinatoka kimejipaka kama cha mwalimu wa enzi za chaki. Na rangi haikuwa na makosa, ilikuwa ile ile nilipiga South B na huko inakaa poa mpaka leo. Shida ilikuwa chini. Nilikuwa nimechukua praima, ile koti ya kwanza ya chini ya rangi, ya South B nikaipeleka Rongai bila kuuliza ukuta wa Rongai unataka nini, na hizo kuta mbili hazijuani hata kidogo.

Kwa wale wameingia mambo ya rangi ya udongo juzi, hii kitu ni udongo laini mweupe ama mwekundu, unga wa chokaa mawe, pigmenti za ardhini, mchanga laini kiasi, na kitu kidogo cha kushikisha kama kazeini ya maziwa, wanga au selulosi. Basi. Emulsheni, ile rangi ya kawaida ya maji ya dukani, ikikauka inakuwa ngozi ya plastiki, kwa hivyo inajishikilia yenyewe hata mahali haifai kushika. Ya udongo ikikauka inabaki ni vumbi limeshikwa kidogo tu, ndio maana inapumua na inakunywa unyevu wa chumba na kuutoa, lakini ndio maana pia inategemea sana kile kimelala chini yake. Praima hapa si koti ya kuongeza bei. Ni mshenga kati ya rangi na ukuta, na mshenga mbaya unajua venye harusi huenda.

Halafu hii maneno ya "rafiki wa mazingira". Mkebe ukiwa na picha ya jani na maandishi ya kijani usitulie bado. Ya maji haimaanishi haina plastiki, na haina harufu pia haimaanishi. Geuza mkebe usome imeshikwa na nini: ukiona akriliki au vinaili, hiyo ni plastiki imeelea kwa maji, ikikauka inaziba. Ukiona kazeini, wanga, selulosi au silikati ya potasiamu, hapo tunaongea. Watengenezaji wa rangi asilia kikweli kawaida wanaandika viungo vyote mpaka cha mwisho, hawana cha kuficha, kwa hivyo mkebe ukikunyamazia, mimi naurudisha kwa shelfu.

Mfuko wa jaketi

Kabla sijafungua mkebe wowote siku hizi natembea na vitu sita: kachupa ka maji, siki kidogo, seloteipu, kitambaa cheusi, spiriti ya hospitali na kisu kidogo. Dakika kumi unajua ukuta ni wa aina gani.

Tone la maji ndilo la kwanza. Weka tone ukutani uhesabu. Likipotea kabla ujamaliza kusema moja, ukuta una kiu mbaya. Likikaa nusu dakika hivi likiingia pole pole, uko sawa. Likisimama kama jasho kwa paji la uso na halitaki kwenda popote, ukuta umefungwa na rangi ya mafuta ama silki, ile emulsheni ya kung'aa, hapo praima ya kawaida itateleza. Fanya hivyo mahali kama sita tofauti, juu, chini, karibu na swichi, karibu na dirisha, kwa sababu ukuta mmoja unaweza kuwa na tabia tatu.

Kitambaa cheusi kikavu kinakuonyesha vumbi, halafu kilowe kidogo usugue tena: kikitoka cheupe kama maziwa, chini kuna chokaa ya zamani au rangi ya chaki isiyoshikika. Kwangua kidogo na kisu udondoshe siki juu, ikichemka mapovu ni chokaa au chaki. Spiriti nayo inatofautisha emulsheni na rangi ya mafuta, sugua kwa bidii nusu dakika, emulsheni inalainika na kuja na kitambaa, ya mafuta inakuangalia tu. Seloteipu: kata msalaba na kisu, bandika, vuta kwa haraka. Ikija na rangi ya zamani, usipake chochote kwanza, kwa sababu utakuwa unabandika rangi mpya kwa kitu chenye kinataka kwenda.

Sasa twende kwa dalili.

Inatoka na mkono

Hii ndio kesi ya sweta na ndio naulizwa sana kuliko zote. Sababu ya kwanza na ya kawaida Nairobi ni ukuta wenye kiu. Nyumba nyingi za ploti zimejengwa na mawe ya Ndarugo halafu zikapigwa plasta yenye mchanga ni mwingi na simiti ni ya kunusa, na plasta kama hiyo inavuta maji ya rangi kwa nguvu. Sasa maji yakikimbia ndani yanaenda na kile kishikizo, kazeini ama wanga, udongo unabaki juu peke yake bila mtu wa kuushika. Kwa hivyo ukiona vumbi usikimbilie kusema rangi ni mbovu. Enda kona yenye haijapakwa uweke tone.

Dawa yake ni praima nyembamba inayoingia ndani, si nzito inayokaa juu. Kama ukuta ni plasta ya simiti ama ya chokaa iliyo uchi, haijawahi kuona rangi, silikati ya potasiamu ni nzuri sana kwa sababu haiketi tu, inashikana na mawe yenyewe ikawa kitu kimoja na bado ukuta unapumua. Lakini haitaki jipsamu, haitaki mbao, haitaki emulsheni ya zamani, hapo haina cha kushikana nacho. Na ni kali. Funika vioo vya dirisha na taili, ikikauka kwa kioo inakila na hautaitoa, na vaa miwani kwa sababu jicho si kioo cha kununua River Road.

Kazeini ndio mimi napenda kwa kuta nyingi. Unaweza kuinunua ya unga, ama uitengeneze, na hapa maziwa tunayo, ATM ya maziwa iko kila kona ya mtaa. Shida ni kwamba hayo maziwa yana mafuta na mafuta kwa praima ni adui, rangi itateleza na chumba kitanuka. Acha yalale kwa friji usiku, asubuhi toa malai yote ya juu, hata mara mbili. Yapashe moto kidogo tu, weka siki ukikoroga mpaka yagande, chuja na kitambaa, suuza ile jibini na maji safi siki itoke. Lita moja itakupea kama gramu 30 tu za kazeini yenyewe, hiyo nyingine ni maji, kwa hivyo usishangae ikiwa kiganja kimoja. Halafu sehemu 5 za hiyo jibini changanya na sehemu 1 ya chokaa iliyozimwa ikiwa laini kama siagi, koroga, utaona inageuka ute ute kama gamu. Hapo imeiva. Ongeza maji mpaka ikimbie kama maziwa yenyewe, chuja tena, paka siku hiyo hiyo. Glavu ni lazima juu chokaa inakula ngozi, na usiniambie umezoea.

Koti mbili nyembamba zinashinda moja nzito kila siku. Ya kwanza ikikauka weka tone tena. Bado linapotea kwa moja? Paka ya pili. Likianza kukaa sekunde kama ishirini, simama hapo. Usiongeze ya tatu kwa sababu imebaki kwa ndoo, tutakuja kuona kwa nini kwa upande wa nyufa.

Sababu ya pili ya vumbi ni ile chokaa ya zamani chini. Hapa niseme wazi, hakuna praima ya kutibu hiyo, hata ya bei gani. Utapaka kazeini, itashika lile vumbi, na vumbi lenyewe halijashika ukuta. Osha. Maji, sponji, ndoo mbili, na uvumilivu, mpaka kitambaa cheusi kibaki cheusi.

Ya tatu nitaitaja haraka haraka na kwa aibu, ni fundi kuongeza maji kwa rangi ndio ifike chumba cha pili. Nimewahi. Usifanye.

Na kama ukuta umeshapakwa tayari na unatoka vumbi? Fagia ile imelegea na brashi laini, halafu nyunyiza kazeini nyepesi kabisa na ile pampu ya kunyunyizia mboga dawa, ikiwa mpya au imeoshwa vizuri, usiguse na brashi juu utakoroga rangi. Rongai nilifanya hivyo, ikakauka, nikapiga koti moja ya rangi juu. Ilishika. Kivuli kiliongezeka weusi kidogo kuliko mwanzo, mama akasema hii ndio alikuwa anataka tangu mwanzo, mimi nikanyamaza.

Inabanduka vipande, kama ganda la ndizi

Ikitoka vumbi, ukuta ulikunywa sana. Ikitoka vipande, ukuta haukukunywa kabisa. Chini kuna silki ama rangi ya mafuta, ile ya kung'aa wanapenda kupiga kwa korido na jikoni ndio mtu afute na sabuni. Tone linasimama, spiriti inakuambia ni ipi.

Ikiwa ni emulsheni ya kawaida isiyong'aa na imeshika vizuri, mambo ni rahisi. Osha na sabuni ya unga, suuza, kausha, piga msasa kidogo, halafu weka praima ya kukwaruza, yaani yenye mchanga ndani. Ile ya nyumbani unaitengeneza na unga wa ngano, kila mtu amesoma shule ya msingi anaijua, ni ile gamu ya kubandika karatasi, tofauti ni tunaongeza mchanga. Kikombe 1 cha unga kwa vikombe 2 vya maji baridi, koroga mabonge yaishe, mimina kwa vikombe 6 vya maji yanayochemka huku mkono haupumziki, ikianza kuwa nzito na kung'aa toa kwa moto. Chuja. Ikipoa ipunguze na maji mpaka brashi iteleze, halafu weka mchanga laini uliochekechwa na chujio la chai, ukipaka kwa kidole uhisi kama msasa. Mchanga unazama chini kila dakika mbili kwa hivyo koroga kila ukichovya.

Kwa mchanga, unataka kikopo kimoja cha mafuta ya kupikia ya Kasuku tu, omba kwa mjengo jirani. Watu wanaitisha lori la mchanga wa mto kwa sababu ya ukuta mmoja wa "kienyeji", na tunajua huko Machakos na Makueni mito imechimbwa mpaka inalia. Mchanga unaouhitaji hata haufiki kilo tatu.

Ikiwa ni rangi ya mafuta inayong'aa, gamu ya unga haitoshi, usidanganywe na video. Hapo kwanza ni msasa mpaka mng'ao uishe kabisa, na ni msasa wa maji, si mkavu. Sababu ni hii: kikomo cha Kenya sasa kwa risasi (lead, ile metali yenye sumu) ndani ya rangi ni sehemu 90 kwa milioni, lakini hiyo haifufui rangi iliyopigwa zamani. Nyumba za zamani kama za Eastlands zinaweza kuwa na makoti ya miaka na miaka, hujui ya chini ina nini, na vumbi la risasi linaumiza watoto vibaya. Lowesha, sugua, futa na kitambaa, kitambaa kitupe. Watoto waende kwa shosho siku hiyo.

Baada ya msasa, kazeini yenye mchanga wa kwotzi, ile tayari ya dukani, ndio nzuri. Na nitasema kitu chenye wengine hawatapenda: kama umejaribu kipande na bado kinabanduka, chukua praima ya kukwaruza yenye akriliki kidogo na mchanga mwingi, upake, uendelee na maisha. Ukuta wenye umefungwa na makoti manne ya mafuta haukuwa unapumua tangu zamani, koti moja ya akriliki haiwezi kuuziba zaidi ya hapo. Hiyo ni afadhali kuliko kupaka rangi asilia mara tatu na kuikwangua mara tatu.

Kitu kimoja usifanye, na mafundi wenzangu mtanisamehe, ni ile gamu nyeupe ya mbao tunaongeza maji na kupaka kama praima. Kila mjengo utaikuta. Kwa plasta kavu inaonekana imeshika, lakini ile gamu ikipata maji tena inalainika, na rangi ya udongo ni maji. Kwa hivyo unapaka rangi, gamu inaamka, brashi inaivuta, ikikauka inaacha kangozi kati ya ukuta na rangi. Miezi michache baadaye unavuta kona moja na sebule yote inakufuata.

Ramani ya Afrika kwa ukuta

Vivuli vivuli, hapa giza hapa mwanga, hasa ukiangalia jioni jua likiingia kando. Karibu kila wakati ni kiu isiyo sawa. Mtu amejaza mashimo ya misumari na fila, akapiga msasa, akapaka praima kwa zile fila tu "kuokoa", ama amepiga fila juu ya plasta na hakupaka praima kabisa. Fila inakunywa kivyake, plasta kivyake, na pigmenti inakaa tofauti. Praima inafaa kupigwa ukuta mzima, kona hadi kona, na ukipumzika pumzikia kwa kona, si katikati ndio uende kunywa chai.

Plasta mpya ya simiti pia inaleta hii. Wacha ikae kama wiki nne ikauke. Najua mwenye nyumba ako na wapangaji wanangoja na bibi yake anapiga simu, lakini simiti mbichi imejaa maji na alkali, itakula baadhi ya pigmenti na kukuletea chumvi juu yake.

Na kuna wakati praima haihitajiki. Kama ukuta ni plasta ya udongo mtupu au chokaa safi na tone linakaa nusu dakika, lowesha kidogo na maji ya mnyunyizo, chukua rangi yenyewe uipunguze na maji, upake koti ya kwanza hafifu. Hiyo ndio praima. Okoa pesa.

Madoa ya kahawia yanarudi

Unapaka, yanarudi. Unapaka tena, yanarudi yakiwa yamechoka kidogo lakini yanarudi. Hapa praima zetu zote za maji zinashindwa kwa sababu moja, maji ndiyo yanayeyusha doa na kulipandisha juu. Uliza doa ni la nini. Juu ya jiko la makaa ama stovu ya mafuta taa ni masizi na grisi, osha na maji ya moto na sabuni mara mbili kwanza. Chini ya slabu yenye tanki liko juu ni maji yanavuja, hapo mtafute plamba, mimi uniache. Madoa madogo ya mviringo kwa dari ya jipsamu, yamepangwa kwa laini kama askari wa gwaride, ni vichwa vya skurubu vinashika kutu.

Likishakauka na chanzo kimeisha, dawa ni shelaki, ile ile maseremala wa fanicha wanatumia kupolishi. Inatoka kwa mdudu, inayeyushwa kwa spiriti si maji, kwa hivyo doa haliamki. Paka kwa doa tu na inchi moja kando yake, koti mbili, zinakauka haraka. Usipake ukuta mzima maana inaziba. Halafu piga msasa mwepesi juu yake na uguse na ile praima yenye mchanga, kwa sababu shelaki ni laini kama kioo na udongo hautashika hivi hivi. Fungua madirisha ukiifanya, mvuke wa spiriti ni mkali na haupatani na sigara wala jiko.

Manyoya meupe chini ya ukuta

Chumvi. Inatoka futi moja mbili kutoka sakafuni, kama pamba, na inasukuma rangi na praima pamoja. Watu wanachanganya na kuvu: chumvi ukiilowesha inayeyuka na haina harufu, kuvu haiyeyuki na inanuka stoo. Maji yanapanda kutoka ardhini kwa sababu hakuna DPC, ile karatasi ya kuzuia unyevu inayolazwa chini ya ukuta, ama imefunikwa na maua na udongo uliorundikwa nje, yanabeba chumvi, yanafika ndani yanakauka, chumvi inabaki.

Kujua maji yanatoka wapi, bandika karatasi ya nailoni na teipu pande zote, ukubwa kama gazeti, uiache siku nzima na usiku. Jasho likiwa upande wa chumba, ni mvuke wa jikoni na pumzi za watu, fungua dirisha. Likiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani.

Na hapa ndio watu hupoteza pesa, wanaenda kununua praima ya kuzuia maji. Ukiziba mbele, maji hayaendi nyumbani kwao, yanapanda juu zaidi na yanatokea mahali pengine. Toa udongo nje, elekeza maji ya mabati mbali na ukuta, fagia chumvi ikiwa kavu na brashi, usioshe kwa maji mengi maana unairudisha ndani. Subiri ukuta ukauke, na wakati wa mvua za Machi hadi Mei hautakauka hata uimbe. Ikifika wakati, silikati au rangi ya chokaa kwa hiyo sehemu ya chini inavumilia kuliko kazeini.

Inanuka, ama ina vidoti vyeusi

Kazeini ni chakula. Wanga ni chakula. Ukivipaka kwa chumba kisicho na hewa mwezi wa saba, ile baridi ya Nairobi ya mawingu kutwa, vinakaa majimaji siku tatu na kuvu inakuja kula. Ama ulitengeneza Ijumaa ukatumia Jumatatu juu hukutaka kutupa. Ikinuka kwa ndoo itanuka kwa ukuta, tupa. Tengeneza ya kutosha siku moja, paka asubuhi, madirisha wazi, koti nyembamba. Kwa gamu ya unga, boraksi kidogo inachelewesha kuoza, ingawa hiyo si ya kuachwa karibu na watoto. Bafu na nyuma ya sinki mimi sipigi rangi ya udongo kabisa, hata mteja akilia.

Kuvu ikishaingia: futa na siki ama spiriti, kausha kabisa, kwangua zile sehemu zimelegea, anza upya na silikati kama ukuta unairuhusu, kwa sababu kuvu haipendi alkali.

Nyufa ndogo ndogo kama mgongo wa kobe

Kuna za rangi na kuna za praima, na kuzitofautisha ni kukwangua kipande. Ufa ukiwa kwa rangi tu na praima chini ni nzima, udongo wako ni mwingi ama umechimbwa shambani na ni ule mweusi wa black cotton. Huo unafura ukilowa na kunywea ukikauka, kila mtu wa Embakasi ameona unavyopasua nyumba, utashindwa kupasua rangi? Tumia kaolini, kama ile inachimbwa Mukurweini ama Eburru, au udongo mwekundu wa upande wa Kikuyu na Kiambu ambao umetulia zaidi, na uongeze mchanga.

Ufa ukiteremka mpaka praima na kingo zinajikunja juu kama karatasi, praima ilikuwa na nguvu kuliko ukuta. Hii ndio nilisema tutarudi. Kazeini ikikauka inanywea na inavuta, na ukiipaka nzito juu ya plasta dhaifu inaivuta plasta pamoja nayo. Watu wanadhani gamu nyingi ndio kushika sana. Kumbe kila koti inafaa iwe dhaifu kidogo ama sawa na ile ya chini yake, ukiweka yenye nguvu juu ya mnyonge, mnyonge ndiye anapasuka. Kwangua yote iliyojikunja, lowesha, na urudi na kazeini imepunguzwa maji mara mbili ya ile ya kwanza.

Kabla ya kurudi kwa ukuta mzima pima kipande cha mita moja kwa moja, nyuma ya kochi, praima na rangi, kikae siku mbili tatu. Kitambaa cheusi, seloteipu, jicho la jioni. Ukuta wa Rongai ungenipa jibu siku hizo tatu na sweta ingepona.

Praima ikibaki usimwage kwa sinki, kazeini na mchanga vinaganda kwa paipu na utaitana na plamba yule yule. Gamu ya unga isiyo na boraksi mwaga kwa shimo la takataka za jikoni shambani, ile ya chokaa na silikati iache ikauke kwa kopo ndio uitupe na taka kavu. Brashi osha saa hiyo hiyo, kazeini yenye chokaa ikikauka kwa brashi hata maji ya moto hayaitoi.